Mlalo wa nani? Swali la mikato ya ultrasaundi

SWALI: Mimi ni mkunga, na ninaandika mwongozo mfupi kwa wanafunzi wanaoanza kujifunza kupima kwa ultrasaundi. Nimeandika hivi: “Mgonjwa akiwa amelala chali, piga mionzi kwa mkato wa mlalo juu ya figo ya kulia, kisha geuza uwe wima.” Mwenzangu anasema niondoe mlalo na wima, niandike “transvesi” na “sajitali”. Nani kati yetu yuko sahihi?

JIBU: Mwenzako ameukaribia ukweli kuliko wewe, ingawa na yeye simkubalii yote. Sentensi yako ina mambo manne ya kurekebishwa, nami nitaanza na mlalo, kwa sababu ndilo neno ambalo kwa miaka mingi nimekuwa nikilikuta katika miswada ya afya, nikalifuta, kisha likarudi katika mswada uliofuata kana kwamba halikuguswa.

Mlalo ni neno zuri mahali pake. Hupima kitu kwa kukilinganisha na ardhi: kilicho sambamba na sakafu ni cha mlalo, na kilichosimama juu ya sakafu ni cha wima. Fundi mwashi mwenye pimamaji na timazi hawezi kufanya kazi bila maneno haya mawili, na hayamdanganyi hata siku moja, kwa sababu ukuta aliousimamisha asubuhi ataukuta umesimama vilevile jioni. Mwili wa mgonjwa si ukuta. Hulala chali, hugeuzwa ubavu, huketishwa, husimamishwa, na katika chumba cha ultrasaundi mambo hayo yote yanaweza kutokea ndani ya dakika kumi. Neno linaloitazama sakafu haliwezi kuutumikia mwili unaogeuka.

Tuitazame sentensi yako kwa karibu. Umemlaza mgonjwa chali, kisha ukamwagiza mwanafunzi apate mkato wa mlalo. Najua ulichokusudia: ulitaka bapa, yaani uso tambarare ambao picha huuonyesha kana kwamba mwili umekatwa hapo, linalokatiza kiwiliwili kutoka ubavu hadi ubavu, likitenga upande wa kichwa na upande wa miguu. Lakini mgonjwa akiwa chali, bapa hilo linasimama wima juu ya kitanda, kama ubao uliochomekwa katikati yake. Bapa ambalo kweli limelala, sambamba na godoro, ni lile linalotenga mbele ya mwili na nyuma yake, nalo ni mkato mwingine kabisa. Mwanafunzi mtiifu, anayefuata Kiswahili chako kama kilivyoandikwa, atakwenda kutafuta mkato ambao hukuutaka, na kosa halitakuwa lake.

Kisha fikiria kifuko cha nyongo, ambacho ndicho mfano wangu wa siku zote. Mpimaji akiona ndani yake kitu cheupe kinachotupa kivuli cheusi nyuma yake, hushuku jiwe. Ili kuhakikisha, humgeuza mgonjwa alalie ubavu wa kushoto, na pengine humketisha au kumsimamisha, kwa kuwa jiwe lililo huru huporomoka kufuata uzito wake, ilhali kinyama kilichoota ukutani hubaki palepale. Katika mikao yote mitatu mpimaji anaweza kuhitaji mkato uleule unaokatiza kiwiliwili. Ukiuita wa mlalo, basi mgonjwa akiwa chali jina ni la uongo, akiwa ubavuni bado ni la uongo, na akisimama linageuka kuwa la kweli. Mkato haukubadilika, kilichobadilika ni sakafu tu. Mpimaji anayeandika taarifa leo, kwa daktari atakayeisoma kesho bila kumwona mgonjwa alikuwa amelalaje, hawezi kutumia jina linalotegemea godoro.

Niliwahi kukaa pembeni ya mwanafunzi aliyekuwa akifundishwa kazi hii. Mwalimu wake alikuwa amemlaza mgonjwa ubavu, na picha ya figo ilikuwa inaonekana vizuri kwa urefu wake. Akasema, “Sasa nipe mlalo.” Mwanafunzi akainua probu, kile kifaa cha mkononi kinachopitishwa kwenye ngozi, akapangusa jeli, akamwomba mama wa watu ajigeuze alale chali. Mwalimu alikuwa anataka probu izungushwe robo mzunguko tu, palepale ilipo. Alimfokea kijana, nami niliumia, kwa sababu katika chumba kile kijana ndiye aliyekuwa anaelewa Kiswahili.

Na wewe, ukiwa mkunga, una sababu ya ziada ya kuliogopa neno hili, maana katika kazi yako tayari lina kazi nyingine. Mlalo wa mtoto ni jinsi mtoto alivyolala tumboni: kwa urefu wa mama, kwa kukingama, au kwa mshazari. Sasa mtoto amekingama, na unatakiwa kupima mzunguko wa tumbo lake. Kipimo hicho huchukuliwa katika mkato unaokatiza kiwiliwili cha mtoto. Lakini kwa kuwa mtoto amelala ubavu kwa ubavu wa mama yake, mkato unaomkatiza mtoto unakwenda sambamba na ule unaomgawa mama kulia na kushoto. Miili miwili, probu moja, na majina mawili tofauti kwa bapa moja. Mwongozo ukisema “mkato wa mlalo” hapo, msomaji atauliza maswali matatu kwa pamoja: mlalo wa kitanda, mlalo wa mama, au mlalo wa mtoto? Kwa hiyo, neno lolote utakalochagua, taja kila mara mkato huo ni wa mwili upi.

Neno la kuchagua tunalo, wala halihitaji kuazimwa. Ni mkingamo. Mti ukianguka ukaziba njia, tunasema umekingama njiani, na hatusemi hivyo kwa sababu umelala chini, maana mti ulioanguka kando ya njia nao umelala chini lakini haukukingama. Tunasema umekingama kwa sababu umekatisha urefu wa njia. Kitenzi hiki hakiulizi ardhi iko wapi. Huuliza urefu wa kitu uko wapi, kisha hupita katikati yake. Hilo ndilo hasa linalotakiwa hapa. Mkato wa mkingamo ni mkato unaokatisha urefu wa mwili, na utabaki hivyo hata mgonjwa akining'inia kichwa chini. Ndiyo maana “transvesi” ya mwenzako, yenye maana hiyohiyo, siikubali. Kuazima neno ni halali pale ambapo hatuna la kwetu. Kuazima huku la kwetu limekaa mlangoni likingoja kuitwa ni kulidharau bure.

Wima nayo ina kasoro ileile ya mlalo, na nyingine juu yake: mikato miwili tofauti inaligombania jina hilo. Mtu akisimama, bapa linalotenga kulia na kushoto ni la wima, na bapa linalotenga mbele na nyuma nalo ni la wima. Hapa mwenzako ana haki. La kwanza ni la sajitali, kutokana na neno la Kilatini lenye maana ya mshale. La pili ni la koronali, kutokana na taji. Majina haya ni ya wanaanatomia, nayo yalikuwa ya zamani tayari wakati Ian Donald, daktari wa uzazi, na wenzake wa Glasgow huko Uskoti walipochapisha picha zao za ultrasaundi mwaka 1958. Wanaanatomia walikubaliana jambo moja la busara, kwamba mwili uelezwe siku zote kana kwamba umesimama, uso mbele, mikono ikining'inia na viganja vikielekea mbele, hata kama mwenye mwili huo amelala. Sikushauri utafsiri mshale na taji, kwa sababu “mkato wa mshale” haumwelezi msomaji chochote. Andika sajitali na koronali, ueleze kila moja mara ya kwanza. Ila usiikate koronali ikawa “korona”, kwa maana tangu mwaka 2020 hakuna msomaji wa Kiswahili asiyejua korona ni nini, na mama mjamzito hapaswi kuikuta katika taarifa ya kipimo chake.

Lakini je, kwa figo ulitaka sajitali kweli? Nadhani ulitaka mkato wa urefu, na haya ni mambo mawili. Figo hazikusimama sambamba na uti wa mgongo. Ncha zake za upande wa kichwa zimeuegemea uti, na ncha za upande wa miguu zimejitenga nao. Anayetaka kuiona figo yote kwa urefu wake lazima aipindishe probu kidogo, na bapa lake litakuwa la mshazari kwa mwili ingawa ni la urefu kwa figo. Kongosho ni kinyume kabisa: limekingama mbele ya uti wa mgongo, hivi kwamba mkato wa mkingamo wa mwili ndio unaolionyesha kongosho kwa urefu wake. Kwa hiyo urefu na mkingamo vinaweza kuwa vya mwili au vya kiungo, na mwandishi makini hutaja kipi. “Mkato wa urefu wa figo” inatosha, na mwanafunzi hatapotea.

Kuhusu “juu ya figo”, maneno haya mawili hubeba maana nyingi mno kwa kazi ya namna hii. Juu ya figo ni kwenye ngozi iliyoikabili figo? Ni upande wa kichwa kutoka kwenye figo, ilipo tezi yake? Zaidi ya hayo, skrini nayo ina juu yake, ambayo ni sehemu iliyo karibu na probu tu: kinachoonekana juu kabisa kwenye picha ni ngozi, na kinachoonekana chini ni kilicho mbali zaidi ndani ya mwili. Nimesoma maelezo ya picha yaliyosema uvimbe uko “juu ya ini”, na mpaka leo sijui mwandishi alikuwa anaitazama skrini au anamfikiria mgonjwa. Sema upande wa kichwa, upande wa miguu, karibu na ngozi, ndani zaidi. Ni maneno mepesi, na hakuna mahali yanapoteleza.

Limebaki neno mionzi, nalo nakuomba uliondoe kabla mwongozo haujamfikia mtu yeyote. Mionzi ni ya eksirei, ambayo mwanafizikia Mjerumani Röntgen aliigundua mwaka 1895. Ultrasaundi ni sauti. Sikio la binadamu husikia mitetemo kati ya 20 na 20,000 kwa sekunde. Probu ya tumboni hutoa mitetemo ya mamilioni, kwa kawaida kati ya milioni 2 na 5, nayo husafiri katika nyama laini za mwili kwa wastani wa mita 1,540 kwa sekunde, hugonga kuta za viungo na kurudi. Kinachochora picha ni mwangwi, neno ambalo kila mtoto aliyewahi kupiga kelele kwenye korongo analijua. Ndani ya kibofu chenye mkojo hakuna kinachourudisha, ndiyo maana ni cheusi: hakina mwangwi. Jiwe hurudisha karibu sauti yote, ndiyo maana ni jeupe: lina mwangwi mkali. Jeli hupakwa kwa sababu hewa kidogo tu kati ya probu na ngozi huirudisha sauti kabla haijaingia. Hakuna lolote kati ya hayo unaloweza kumweleza mwanafunzi ukiwa umeshamwambia anapiga mionzi, na mama aliyeambiwa aikwepe mionzi akiwa mjamzito atalisoma neno hilo kwenye mwongozo wako na kusitasita kuja kliniki. Wapo wanaojitetea kwamba chumba chenyewe kiko ndani ya idara ya mionzi. Hilo linaeleza kosa limetoka wapi, wala halilihalalishi. “Ultrasaundi” yenyewe naivumilia, kwa sababu imeshakita mizizi na “mawimbi ya sauti” haisemwi na mtu kwenye foleni. “Mionzi ya ultrasaundi” siivumilii.

Sentensi yako basi iwe hivi: “Mgonjwa akiwa amelala chali, weka probu kwenye ubavu wake wa kulia, alama ya probu ikielekea kichwani, upate mkato wa urefu wa figo, kisha, bila kuiondoa kwenye ngozi, izungushe robo mzunguko kinyume cha mwendo wa saa, upate mkato wa mkingamo wa figo hiyohiyo.” Imekuwa ndefu kuliko yako, lakini mwanafunzi akiisoma, mgonjwa hatajigeuza.