Barua kwa mwanangu: mama mkwe wako asivumilie

Mwanangu mpenzi,

Meseji yako nimeisoma. Unasema mama mkwe kidonda cha upasuaji wa titi kimepona, na sasa Hospitali ya Bugando hapo Mwanza wamempangia dawa ya saratani ya kuingizwa kwenye mshipa, mara nne, kila baada ya wiki tatu, na wewe ndiye utakayekuwa unamsindikiza. Ukaniuliza: "Mama, niende nikijua nini?" Nimeona nisikujibu kwa simu, maana hapo utashika moja na kuachia mawili. Barua hii isome na mumeo, kisha iweke pamoja na kadi yake ya kliniki.

Majina mawili yaliyo kwenye picha uliyonitumia nayajua vizuri, doksorubisini na saiklofosfamidi. Miaka ile ya wodi ya saratani nimeziingiza kwenye mishipa ya watu wengi, na wengi wao walikuwa wanawake wa umri wake. Dawa ni kali, lakini inatabirika. Inajulikana siku gani italeta nini, na karibu kila itakacholeta kina namna ya kukabiliwa, mradi kisemwe mapema.

Hapo kwenye kusema ndipo ninapokuwa na wasiwasi na mkwe mwenzangu. Yule mama ni mvumilivu kupita kiasi. Tangu utotoni ameambiwa mgonjwa mwema ni yule asiyesumbua watu, na ukimuuliza anajisikiaje atakujibu "namshukuru Mungu" hata kama anaungua. Halafu wewe ni mkamwana wake, atajikaza zaidi mbele yako. Kwa maradhi mengi tabia hiyo inamchelewesha tu kupona. Kwa dawa hii inaweza kumpotezea mkono, au uhai. Kwa hiyo kazi yako kubwa si kubeba mfuko na chupa ya chai. Kazi yako ni kuhakikisha anasema.

Nikueleze itakavyokuwa. Kabla ya dawa watampima damu, waone chembe nyeupe zimefika kiwango, na ini na figo zinafanya kazi. Chembe zikiwa chini watamwambia arudi wiki inayofuata. Msinung'unike kwamba nauli imepotea, wamemwokoa. Asiende na njaa, na anywe maji ya kutosha tangu jana yake, mishipa ionekane. Mwambie nesi mapema ni titi la upande gani lililofanyiwa upasuaji, ili atumie mkono wa upande mwingine. Na vidonge vyake vyote, vya presha na vinginevyo, vibebeni vilivyo. Msitegemee kukumbuka majina.

Ataanza kupewa dawa za kuzuia kutapika. Halafu nesi ataleta bomba la sindano lenye maji mekundu kabisa, mekundu kama juisi ya rozela. Hiyo ndiyo doksorubisini. Usishangae kuona haitundikwi kama dripu nyingine. Mara nyingi nesi hukaa pembeni na kuisukuma kwa mkono, polepole, dakika kadhaa, huku dripu ya maji ikikimbia kwenye mpira huohuo. Kila baada ya kusukuma kidogo husimama, akavuta nyuma aone damu inarudi, ndipo aendelee. Anachohakikisha ni kwamba kanula, kile kimrija cha plastiki kinachopitisha dawa, bado imo ndani ya mshipa. Dawa hii ikiwa ndani ya mshipa haina ugomvi. Ikivuja nje, ikaingia kwenye nyama ya mkono, inaunguza, na haiunguzi siku ile peke yake. Inabaki mle kwenye nyama ikiendelea kula. Siku ya kwanza utaona uvimbe mdogo tu na wekundu, wiki zikipita pakawa kidonda cha kuhitaji upasuaji.

Sasa mweke sawa kabla hajaketi kwenye kiti: akisikia kuchoma, kuwasha, kuuma, hata mkono kujaa tu pale kwenye kanula, aseme palepale. Asingoje nesi amalize. Akinyamaza, wewe mwangalie uso. Ukimwona amekunja ndita au anakaza vidole, mwambie nesi asimame. Hakuna nesi mwenye akili atakayekasirika. Atasimama, ataacha kanula ilipo ili avute ile dawa iliyovuja, ndipo aitoe. Kwa dawa hii ataweka kitu cha baridi. Msikande maji ya moto nyumbani kama tulivyozoea kukanda kila uvimbe, hapa moto unazidisha. Na kama mkono utaanza kuuma au kuvimba baada ya kufika nyumbani, rudini siku hiyohiyo.

Mkitoka hapo, jambo la kwanza litakalomtisha ni mkojo. Utakuwa mwekundu au wa rangi ya chungwa, siku hiyo na pengine kesho yake. Si damu, ni rangi ya dawa inatoka. Mwambie kabla hajaingia chooni, maana nimewahi kuona mama mtu mzima anatoka chooni analia kimya kimya akidhani amekwisha. Lakini rangi ikipita siku mbili bado ipo, au akikojoa anasikia maumivu, hilo ni lingine. Saiklofosfamidi inaweza kuchubua kibofu, mpelekeni. Ndiyo maana anatakiwa anywe maji mengi na aende haja ndogo mara kwa mara, hata usiku, dawa isituame mle.

Siku mbili tatu za mwanzo, mkojo, matapishi na hata jasho lake huwa bado na mabaki ya dawa. Atakayefua shuka zilizochafuka au kusafisha matapishi avae glavu, na nguo hizo zifuliwe peke yake. Choo cha kuvuta avute mara mbili akiwa amefunika, cha shimo amwagie maji na kufunika. Hilo halimfanyi kuwa mtu wa kutengwa. Ale nanyi sinia moja kama kawaida, na wajukuu wakae mapajani. Mwenye mimba tu ndiye asishike uchafu ule. Na wewe, kama kuna habari ambayo bado hujaniambia, glavu avae mumeo.

Kichefuchefu si kama zamani. Vidonge atakavyopewa kwenda navyo avimeze kwa saa, hata kama hajisikii vibaya, kwa sababu dawa hii ina kutapika kwa siku ile na kutapika kwa kuchelewa, siku ya pili, ya tatu. Akikaa siku nzima hata maji hayakai tumboni, ni hospitali.

Nije sasa kwenye lile ambalo ningependa ulikariri. Dawa inaua seli zinazojigawa haraka, na chembe nyeupe za damu, askari wa mwili, ni miongoni mwa hizo. Hazishuki siku ile. Zinashuka taratibu, na kati ya siku ya 10 na ya 14 ndipo zinapokuwa chini kabisa, kisha zinapanda, na kufika siku ya 21 zimerudi. Ndiyo maana ya zile wiki tatu. Cha ajabu, siku hizo za katikati yeye atakuwa anajisikia vizuri, kichefuchefu kimeisha, anataka kushika jembe. Na ndizo siku za hatari.

Nunua kipimajoto, ni bei ndogo, duka lolote la dawa. Ikifika 38, au akitetemeka kwa baridi hata kama kipimajoto hakijafika hapo, ni hospitali wakati huohuo, saa nane za usiku ikiwa ni saa nane za usiku. Msimpe panadol kwanza "tuone itakavyokuwa", itashusha joto na ugonjwa ubaki. Na msidanganywe na mazoea yetu kwamba homa Kanda ya Ziwa ni malaria. Malaria apimwe, lakini mkifika mapokezi neno la kwanza litokalo kinywani mwako liwe: "Huyu yuko kwenye dawa za saratani, alichomwa tarehe fulani." Onyesha kadi. Mtu wa namna hiyo mwenye homa anatakiwa apate antibiotiki ya mshipani mapema, ndani ya saa moja ikiwezekana, si akae benchi akisubiri majibu ya kipimo cha malaria, yakiwa hasi arudishwe nyumbani na dawa ya mafua. Hapo ndipo usiwe mkamwana mpole. Paza sauti.

Kwa hiyo lile wazo la kumrudisha kwake kisiwani Ukerewe kesho yake baada ya kila dawa, mimi silipendi. Najua ana kuku wake na shamba lake, na hapendi kukaa kwa watu. Lakini homa ikimkuta huko Nansio usiku, kivuko ni mpaka asubuhi. Hospitali ya wilaya ipo, na kama hana budi aende huko wakamwanzishie, lakini nafuu zaidi akae kwenu Mwanza mpaka wiki mbili zile zipite. Mumeo ndiye amwambie, tena amwambie kama anamwomba, asiwe kama anamwamuru.

Chakula, mpikie kama kawaida, kiive na kiwe cha moto. Sato na sangara ni protini nzuri, uji wa lishe, mayai yaliyoiva. Maziwa yachemshwe. Kachumbari ya kununua barabarani aiache kwanza. Midomo ikifanya vidonda asukutue kwa maji ya chumvi mara kadhaa kwa siku, na mswaki uwe laini.

Nywele zitatoka, wiki ya pili au ya tatu baada ya dawa ya kwanza, zinatoka kwa mafungu kwenye mto. Zitarudi. Ukipenda mnyoe kabla, mkiwa wenyewe chumbani, na mnunulie mtandio mzuri. Kucha na viganja vinaweza kuwa vyeusi, kwa ngozi zetu hutokea sana, hufifia baada ya matibabu.

Moyo. Doksorubisini huuchosha, na kiasi chake huhesabiwa maisha yote ya mtu, miligramu kwa miligramu. Vitabu huweka mpaka kwenye 450 hadi 550 kwa kila mita moja ya mraba ya mwili. Kwa mpango wa kawaida wa mara nne za 60 atafikia 240, yuko mbali na mpaka. Lakini hesabu hiyo isipotee. Kila mara piga picha ukurasa wa dozi, maana akija kutibiwa kwingine miaka kumi ijayo wataiuliza. Uliza kama amefanyiwa kile kipimo cha moyo cha kupakwa mafuta kifuani, eko. Miguu ikivimba, au akilala chali akakosa pumzi, aseme, hata kama matibabu yalishaisha zamani.

Kuhusu mitishamba, ninajua kuna mtu ameshaleta chupa. Wapo siku zote. Usimfokee, ukimfokea ataificha chini ya kitanda na ataendelea kunywa. Mweleze kwamba dawa hii inatolewa mwilini kupitia ini, na ini likishughulishwa na kitu kingine kisichojulikana, dawa inabaki mwilini kupita kiasi. Chupa mbebeeni daktari aione.

Ukiona anasema hiyo ni sumu ya Wazungu, mwambie hili, yeye ni mkulima atalipenda: doksorubisini imetoka udongoni. Miaka ya 1950 watafiti wa Italia walichukua udongo karibu na ngome moja ya kale, Castel del Monte, wakakuta humo bakteria anayetoa rangi nyekundu. Dawa ya kwanza waliyoipata kwake ilikuwa ndugu ya hii, kisha wakambadilisha yule bakteria maabara akatoa hii. Jina lake la biashara la mwanzo, Adriamycin, ni la bahari ya Adriatic iliyo jirani na pale.

Mwambie nitampigia Jumapili jioni, siku moja kabla hajaenda. Simu mpe yeye mkononi, na usimsemee. Nataka nisikie akiniambia kwa mdomo wake mwenyewe atafanya nini mkono ukianza kuchoma.

Mama yako,
Tanga