Barua kwa mwanangu: namna ya kuandika wasifu wa bibi yako

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Ujumbe wako nimeupata. Unasema ukoo umekukabidhi wasifu wa bibi utakaosomwa kwenye ibada ya kuweka msalaba mwezi ujao, na umeniuliza: "Baba, naandikaje bila kuishia kwenye 'alikuwa mchapakazi, mcha Mungu na mpenda watu', maneno yanayosomwa kwenye kila msiba?" Nimefurahi umeuliza kabla hujaandika sentensi ya kwanza.

Usimsifu. Eleza alivyofanya kazi zake, kwa saa zake na vipimo vyake, na waliokaa kwenye viti watamsifu wenyewe. Bibi yako alikuwa mtu wa utaratibu, na mtu wa utaratibu huacha ushahidi. Wa kwake umo kwenye sanduku la bati kule nyumbani Vunjo, Kilimanjaro. Anzia hapo kabla ya kufungua kompyuta.

Utakuta kaunta buku zake, bahasha ya kadi za kliniki, risiti za kahawa zilizotobolewa na kufungwa kwa uzi, na vyeti vya kanisa. Toa kitu kimoja kimoja na ukipige picha kwa mpangilio uleule aliouacha, maana mpangilio wenyewe ni habari. Piga karibu na dirisha bila mwanga wa simu. Mwanga huo hufanya maandishi ya penseli yang'ae yasisomeke kwenye picha, na bibi alipenda penseli. Karatasi zilizogandana usizibandue kwa nguvu. Ziache kivulini mahali penye hewa mpaka unyevu utoke, kisha uzitenganishe taratibu kuanzia pembeni. Palipochanika usitie selotepu, gundi yake hugeuka njano na kuharibu karatasi. Tia kwenye bahasha safi, inatosha.

Kisha tengeneza ukurasa mmoja wa tarehe. Hapa ndipo wasifu nyingi hukosewa, na wazee hawasahau kosa la tarehe. Kitambulisho cha taifa cha bibi na cheti chake cha ubatizo havikubaliani mwaka wa kuzaliwa. Aliyebatizwa mchanga, mwaka wake kwenye rejista ya usharika unaaminika zaidi kwa kuwa uliandikwa mtoto akiwa mikononi. Kitambulisho kiliandikwa uzeeni kwa kumbukumbu ya mdomo, na ukiona tarehe kama 1 Januari au 1 Julai, jua mara nyingi ni makadirio. Pima pia kwa kipaimara: wengi walikipata wakiwa na miaka 14 hadi 16, hivyo toa hesabu yako kutoka mwaka huo. Halafu muulize bibi mdogo, yule mdogo wake bibi, kwa matukio, si kwa miaka. Thomas Marealle alipokuwa Mangi Mkuu wa Wachagga, mwaka 1952, dada yake alikuwa shuleni au bado anachunga? Mvua kubwa za mwishoni mwa 1961 zilimkuta ameshaolewa? Majibu yakigongana, andika "mwanzoni mwa miaka ya 1940" na usione haya. Tarehe ya uongo iliyo kamili ni mbaya kuliko makadirio ya kweli.

Mambo matatu yatakuchanganya kwenye hizo karatasi. Cheti cha ndoa kina jina la Kanisa la Kilutheri la Tanganyika ya Kaskazini. Si kanisa jingine, ni hilihili letu kabla ya KKKT, Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, kuundwa mwaka 1963. La pili, usiandike kwamba alimaliza darasa la saba. Wakati wake shule ya msingi iliishia la nne, na waliofaulu waliendelea na shule ya kati, la tano hadi la nane. Msichana aliyefika huko alikuwa amepita chujio kali, na hilo linastahili sentensi yake. La tatu, utaona risiti za KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa Kilimanjaro, zinakatika baada ya 1976. Babu yako hakuacha kahawa. Serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika mwaka huo, na KNCU ikarudi katikati ya miaka ya 1980.

Hizo risiti zinataka jicho la pili. Zote zina jina la babu, kwa sababu mwanachama alikuwa yeye. Ukizifuata jinsi zilivyo utaandika wasifu wa babu. Waulize shangazi zako kahawa yenyewe ilipitia mikono ya nani. Matunda mekundu yaliyochumwa mchana yalimenywa jioni ileile kwa mashine ya mkono, maana yakilala hubadili harufu. Usiku ule punje zilitiwa kwenye chombo zichachuke, siku moja hadi mbili kulingana na baridi. Bibi hakuhesabu saa peke yake: alizisugua kiganjani, na zilipoacha kuteleza zikaanza kukwaruza kama kokoto, aliziosha. Zinazoelea aliziengua na kuziweka kando, hakuzichanganya na nzuri ili kuongeza uzito. Kisha kichanja, siku kumi hadi kumi na nne, kuzigeuza mara kwa mara, kuzifunika jua la saa saba lisipasue ganda, na kuzifunika tena usiku. Kosa la usiku mmoja lilitosha kushusha daraja la gunia zima. Malipo ya kwanza yalitoka chamani papo hapo, na nyongeza ilikuja miezi kadhaa baadaye, kahawa ikishauzwa Moshi. Sasa linganisha tarehe za nyongeza na tarehe za ada kwenye kaunta buku. Utaona alivyozipanga. Weka jambo hili kwenye wasifu kwa maneno ya wazi: risiti zina jina la mumewe, kazi ilikuwa yao wawili, na usimamizi wa ubora ulikuwa wake.

Kaunta buku ndiyo moyo wa kazi yako. Maziwa na ndizi vilikuwa mali ya mama katika nyumba nyingi za kwetu, na humo ndimo hesabu zake zilimo. Kurasa za mbele ni maziwa: tarehe, chupa ngapi, nani kachukua, kalipa au bado. Ukifika katikati mambo yanabadilika. Kila mtoto ana kurasa mbili zinazotazamana. Kushoto ada, kiasi na tarehe ya kulipa. Kulia vipimo: urefu wa sketi au kaptula, namba ya kiatu, chanjo, jino lililong'olewa. Watoto aliowalea bila kuwazaa wana kurasa zilezile, mistari ileile, hawakupangwa nyuma ya daftari. Huo ndio upendo wake kwa familia, na hapo huhitaji hata neno "upendo". Taja kurasa hizo mbili, nyamaza, endelea na jambo jingine.

Usigeuze fedha zake kuwa za leo. Senti kumi za chupa ya maziwa ziache senti kumi. Na kumbuka kurasa za kabla ya katikati ya 1966 ni shilingi ya Afrika Mashariki, kwani yetu ilikuwa bado haijatoka.

Utaona madeni kadhaa yamepigwa mstari bila kuandikwa "kalipa". Hayo aliyasamehe. Unaweza kusema kwamba alisamehe. Majina ya waliosamehewa yasitoke sandukuni, kwa sababu watoto wao watakuwa wamekaa mbele yako.

Ukiwahoji watu, usiwaulize bibi alikuwa mtu wa namna gani. Watakujibu "alikuwa mtu mwema sana" na mazungumzo yataishia hapo. Uliza vitu vyenye kushikika. Alfajiri saa kumi na moja alikuwa anafanya nini? Ufunguo wa stoo ulikaa wapi? Nani alioga kwanza? Nyama ikiwa kidogo aligawaje, na kipande chake kilikuwa kipi? Miaka ya mwanzo ya 1980, sukari na sabuni zilipokuwa za foleni na mgao, aliifikishaje wiki? Kwa hilo la mwisho utapata vitu vizuri. Sukari aliiweka kwenye kopo lenye alama za kukwaruza ndani, alama moja kila wiki, na wa kwanza kupewa ni mgonjwa, kisha mgeni, kisha watoto. Mche wa sabuni aliukata vipande kwa uzi ungali laini, akaviweka kichanjani juu ya meko vikauke kabisa ndipo vitumike, maana sabuni mbichi huisha majini haraka. Hoji mmoja mmoja. Ukiwakusanya pamoja, mkubwa ataongea na wadogo wataitikia tu, na mara nyingi wadogo ndio waliokuwa jikoni.

Ukali wake usiuzime. Wote watakaokuja wanaujua, na ukisoma wasifu wa mama mpole asiyekemea watajua hukumwandika yeye. Uandike ulivyokuwa na mipaka yake: aliyechelewa kurudi alikuta chakula chake kimefunikwa, na sufuria zote zikimsubiri aoshe. Sentensi hiyo moja ina adhabu na ina huruma.

Sasa mpangilio. Usiuvunje ule wa kawaida, wazee wanaungoja: kuzaliwa, ubatizo na kipaimara, shule, ndoa, watoto, kazi na huduma, ugonjwa na kifo, shukrani, na Ayubu 1:21 mwishoni. Ila usigawe nafasi sawa. Kuzaliwa mpaka ndoa kupite haraka. Nafasi kubwa ipe siku moja ya bibi, tangu alfajiri mpaka taa kuzimwa, ukiingiza humo kahawa, maziwa, kaunta buku na yale ya kopo la sukari. Kwa mfano:

"Aliamka saa kumi na moja, akawasha moto na kuwakatia ng'ombe majani kabla ya umande kukauka. Kabla ya saa moja maziwa yalikuwa yamepimwa na kuandikwa. Hakuna mtoto aliyetoka kwenda shule bila kupita mbele yake kukaguliwa kucha, vifungo na daftari."

Huoni sifa hata moja hapo, na huwezi kumchanganya na mtu mwingine.

Ugonjwa usiupe zaidi ya mistari miwili. Aliugua, alitibiwa, alilala lini. Usitaje majibu ya vipimo, wala kulaumu tabibu au ndugu aliyechelewa kufika. Na kihamba, shamba la ukoo, usikiguse kabisa. Hata sentensi ya nia njema kama "alimwachia kitinda mimba nyumba" itanukuliwa kesho kwenye kikao cha ukoo na pengine mbele ya hakimu. Mirathi ina njia yake: muhtasari wa kikao, msimamizi, mahakama. Jina la bibi, hata hivyo, liandike sawasawa na lilivyo kwenye cheti cha kifo, la ubatizo, la baba yake na la ukoo wa mumewe. Likitofautiana herufi moja kwenye nyaraka, watu hutumwa kutafuta kiapo cha majina, na hakuna sababu kipeperushi chetu kiongeze tahajia ya tatu.

Hesabu ya aliowaacha ndiyo itakayoleta simu za malalamiko usipoangalia. Chora jedwali, kila mtoto mstari wake, wajukuu, kisha vitukuu. Piga simu kila nyumba, usikubali mmoja awahesabie wenzake. Watoto wote watajwe kwa kufuata kuzaliwa, na waliotangulia mbele za haki watajwe palepale kwenye nafasi zao, hata yule aliyefariki mchanga. Kadi yake ya kliniki bibi aliitunza pamoja na za wenzake miaka yote hiyo. Sisi hatuna ruhusa ya kumruka.

Urefu: msomaji mzuri wa Kiswahili, mahali penye watu wengi na spika, husoma maneno kama 110 kwa dakika. Muulize mchungaji amekupa dakika ngapi. Ukipewa saba, maneno 650 yakutoshe, pumzi na machozi vina dakika zake. Soma kwa sauti ukiwa na saa, si kwa macho. Nakala ya kusomea ichapwe kwa herufi za ukubwa wa 16, upande mmoja wa karatasi, kurasa ziwe na namba, na kila ukurasa umalizikie kwenye nukta, ili msomaji asigeuze karatasi katikati ya sentensi. Miaka iandike kwa maneno kwenye nakala hiyo. Watu hujikwaa kwenye tarakimu. Andaa msomaji wa pili, akae mstari wa mbele akiwa na nakala yake, aendeleze pale wa kwanza atakaposhindwa. Shangazi yako mkubwa asisome, hata akiomba. Mpe somo la Biblia, fupi.

Kipeperushi cha karatasi ya A4 iliyokunjwa kinataka kurasa zigawanyike kwa nne, kwa hiyo nne au nane. Ukiandika tano, mpiga chapa atapunguza herufi na wazee hawatasoma. Picha ya jalada isiwe ya siku alipokuwa dhaifu. Ipo ile ya kitenge cha kijani, amesimama mlangoni na funguo mkononi. Iskani kwa nukta 300 kwa inchi, usiipige picha kwa simu juu ya meza, itang'aa.

Rasimu ya kwanza itume kwa baba yako mdogo na shangazi wote wawili kwa wakati mmoja, na uwape siku tatu. Wasahihishe tarehe, majina na mambo yaliyotokea tu. Mtindo ni wako. Mimi nitumie pamoja na picha za kurasa za kaunta buku, nilinganishe tarehe za ada kabla hujapeleka kwa mpiga chapa.

Wako akupendaye,
Baba