Mtoto yuko tayari kuacha usingizi wa mchana? Mtazame jioni

Assalaam alaykum, dada yangu wa Wete. Umeeleza kwamba mwanao wa kiume, mwenye umri wa miaka 2 na miezi 8, kwa siku kumi sasa anakataa kulala baada ya chakula cha mchana. Wifi yako anakwambia umwache kwa kuwa ameshakuwa mkubwa, na mama yako anakwambia umlaze hata kwa kulia. Nimelea watoto watatu hapa Chake Chake, na kila mmoja ameuacha usingizi huo kwa namna yake, kwa hiyo nitakujibu zaidi kwa niliyoyaona kwa macho yangu.

Kwa maoni yangu bado huwezi kuamua, kwa sababu saa unayoitazama, ile ya baada ya chakula cha mchana, haina habari ya kutosha. Mtoto wa umri huo amegundua kuwa neno "sitaki" lina nguvu, na atalitumia kwa uji, kwa kuoga, kwa viatu na kwa kitanda bila ya kubagua. Habari yenye manufaa huanza kuonekana baada ya alasiri. Mtoto aliyekuwa tayari, siku ambayo hakulala mchana, huifikia magharibi akiwa na uso uleule wa asubuhi. Hula chakula chake cha usiku akiwa amekaa, husinzia bila ya vita ndani ya dakika 20 hivi, na asubuhi huamka mwenyewe akiwa mchangamfu. Ambaye hajawa tayari, kuanzia saa 10 jioni huanza kulia kwa sababu boflo limekatwa wakati yeye alilitaka zima, hujikwaa pasipo na kitu, na husugua macho huku akikana kwamba ana usingizi. Wapo pia wanaokwenda upande wa pili kabisa: huchangamka kupita kiasi, hukimbia ukumbini na kucheka peke yao, na mgeni akiwaona hudhani kwamba hawana hata chembe ya uchovu. Huyu wa mwisho ndiye anayewadanganya wazazi wengi.

Kinachotokea mwilini si kigumu kukielewa. Kadiri mtu anavyokaa macho ndivyo ubongo unavyokusanya haja ya kulala, na usingizi ndio unaoipunguza. Ubongo wa mtoto mdogo ni kama ndoo ndogo iliyowekwa chini ya mfereji: hujaa upesi na ni lazima imwagwe mchana. Anapokua, ndoo nayo hukua, mpaka ikafika siku inayoweza kupokea maji kutoka asubuhi hadi usiku bila ya kufurika. Ndiyo maana mtoto huanza na usingizi mara nyingi kwa siku, kisha baada ya mwaka wa kwanza, mara nyingi baina ya miezi 15 na 18, hubaki na mmoja tu wa mchana. Huo wa mwisho watoto wengi huuacha baina ya miaka 3 na 5, na wanaouacha kabla ya kutimiza miaka 2 ni wachache sana. Mwanao, kwa miaka 2 na miezi 8, anaweza kuwa miongoni mwa wanaowahi, lakini umri wake peke yake hausemi hivyo.

Kosa la kuwahi nimelifanya mwenyewe kwa binti yangu wa pili, na nakiri kuwa sababu haikuwa yeye bali mimi. Alikuwa na miaka 2 na nusu, akilala mchana kuanzia saa 9 hadi karibu na saa 11, na usiku akikaa macho hadi saa 4, nami nikitamani angalau saa moja ya kukaa na baba yao kwa utulivu. Nikaufuta usingizi wa mchana kwa siku moja. Wiki ya kwanza nilifurahi, maana alilala mara tu baada ya isha. Wiki ya pili alianza kumpiga nduguye kila ikikaribia magharibi, akasinzia na tonge mkononi, akaanguka barazani mara mbili, na usiku akawa anaweweseka na kupiga mayowe, macho yakiwa wazi, bila ya kututambua. Badala ya kuamka saa 12 na nusu kama ilivyokuwa desturi yake, akawa anaamka saa 10 alfajiri. Mama mkwe wangu, Mwenyezi Mungu amzidishie afya, akasema kuwa mtoto amepatwa na jicho, akaenda kumtengenezea kombe, yaani maji ya kunywa yaliyooshewa maandishi ya aya za Qur'ani. Katika siku zilezile mimi nikamrudishia usingizi wake, ila nikauleta mbele: chakula saa 6 na nusu, kitandani saa 7 na nusu, na kumwamsha saa 9 kwa upole hata kama bado anautaka. Mayowe yakakoma ndani ya wiki moja. Hadi leo mama mkwe husema ni kombe, nami sibishani naye, kwa sababu alilitengeneza kwa mapenzi na mtoto alilinywa.

Kilichokuwa kikiuharibu usiku wa binti yangu ni saa ya kulala mchana. Wazee wetu, ambao hawapendi mtu alale baina ya alasiri na magharibi, walilijua jambo hilo kabla yangu. Kwa hiyo, kabla hujauondoa usingizi wa mwanao, jaribu kwanza kuusogeza na kuufupisha.

Kisha piga hesabu ya saa zote za siku nzima. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, limependekeza saa 11 hadi 14 kwa mtoto wa mwaka 1 hadi 2, na saa 10 hadi 13 kwa mtoto wa miaka 3 hadi 4, usingizi wa mchana ukiwa umo ndani yake. Chukua mtoto anayelala saa 3 usiku na kuamka saa 12 na nusu asubuhi: hizo ni saa 9 na nusu. Ukiongeza saa 1 na nusu ya mchana anafika 11, naye yuko salama. Ukiiondoa hiyo ya mchana na usibadilishe kitu kingine, anabaki na saa 9 na nusu, na upungufu huo utaulipa wewe kila jioni. Anayeacha kulala mchana lazima alazwe mapema zaidi, hata saa 1 na nusu usiku, na hapa ndipo nyumba zetu zinapopata taabu, kwa sababu huo ndio wakati wa watu kurudi msikitini, wa chakula na wa wageni. Jiulize kama nyumba yako inaweza kulibeba jambo hilo. Kama haiwezi kwa sasa, usingizi wa mchana ni neema, usiufukuze.

Tazama pia kuna nini kingine nyumbani. Katika miezi ya kaskazi joto la saa 8 mchana chini ya bati humtoa hata mtu mzima kitandani, na umeme ukikatika feni ikasimama, mtoto akikataa kulala hajakwambia lolote kuhusu umri wake. Mtoto mchanga aliyezaliwa karibuni, safari, meno ya nyuma yanayoota, au mwezi wa Ramadhani ambao watoto hukesha na wakubwa baada ya tarawehe, yote haya huuvuruga usingizi kwa wiki mbili au tatu kisha mambo yakarudi. Mwanangu wa mwisho alikataa kulala mchana kwa siku kumi na mbili, alipokuwa na umri kama wa mwanao, na siku ya kumi na tatu akalala mwenyewe juu ya mkeka kama kwamba hakuna kilichotokea. Siku kumi zako, kwa hiyo, ni chache mno.

Kipimo kingine ni gari. Nilikuwa nikipanda daladala na wa kwanza wangu kwenda huko kwenu Wete kila Jumamosi jioni. Alipokuwa bado anauhitaji usingizi wa mchana na ameukosa, hatukuwa tukifika mbali kabla hajalala mapajani mwangu, na usiku wake ukaharibika hadi saa 5. Baada ya kutimiza miaka 3 na miezi kadhaa alianza kufika Wete akihesabu ng'ombe wa njiani. Hapo ndipo nilipoamini.

Wakati wa mpito nilichokifanya kwa wote watatu ni saa ya kimya. Pazia hushushwa, televisheni na simu huzimwa, mtoto hupewa mkeka katika chumba chenye upepo pamoja na vifuu vyake, vitambaa au kitabu cha picha, na mimi hujilaza karibu naye kwa dakika 40 hadi saa nzima. Akilala, amelala, asipolala, mwili umepumzika na usiku atalazwa mapema. Simlazimishi kwa kulia, kwa sababu mtoto aliyekichukia kitanda mchana hukichukia na usiku pia. (Mara nyingi, nikiri, aliyesinzia wa kwanza ni mimi.) Tarajia miezi kadhaa ya leo analala na kesho halali. Na usishangae usingizi ukirudi anapoanza skuli ya maandalizi, maana binti yangu, aliyekuwa ameshauacha, alirudi kulala mchana kwa muhula mzima.

Jambo la kupelekwa kituo cha afya ni jingine: mtoto anayelala kuliko desturi yake ghafla, hasa akiwa na homa, apimwe malaria siku hiyohiyo, anayekoroma kwa nguvu kila usiku na kuhemea kwa mdomo, au aliyepauka, mchovu na mwenye kula udongo, naye atazamwe.

Kwa mwanao, mpe wiki mbili nyingine za saa ya kimya kuanzia saa 7 na nusu, na andika kila siku alilala au hakulala na jioni yake ilikuwaje. Nikikisia, bado anauhitaji siku nne au tano katika wiki. Wangu wa mwisho ametimiza miaka 4 baada ya Iddi, na sasa hulala siku ya Ijumaa tu, wanaume wakiwa wamekwenda kuswali na nyumba imetulia, na akiamka hunikatalia kwamba alilala.