Umeniuliza dakika ngapi

Mwanangu Rehema,

Meseji yako nimeisoma, eti tulikuwa tunawaanika jua la asubuhi dakika ngapi, ili na wewe umlaze mtoto dirishani huko Leeds, Uingereza, uachane na matone ya vitamini D. Dakika sijui mama, nani alikuwa na saa, nakaa na wewe barazani mpaka uji uive.

Ila kwa kaka yako sikukaa. Tulikuwa kile chumba cha uani Kariakoo, taa inawashwa mchana, mimi natoka alfajiri na beseni la maandazi na dada wa kazi nimemkataza kumtoa nje, watu wasije wakamtupia jicho. Mwaka na nusu hivyo hivyo! Siku ya kliniki nesi akamsimamisha, akaangalia miguu, akasema benchi zima lisikie: we mama, na jua lote hili la Dar mtoto ana matege? Wakacheka. Miguu ilinyooka baadaye, si unamuona na mpira wake, lakini kile kicheko mpaka leo nakisikia.

Mtoto sio nguo ya sandukuni, atoke, nimewaambia mara ngapi. Halafu hapohapo namkumbuka mjomba Salehe na ualbino wake, kofia alikuwa havai kwa kuona aibu, kidonda cha sikio kikaja kuwa kansa. Sasa niseme nini? Atoke, ila mtoto mchanga haachwi juani mchana, hata awe mweusi kama mimi.

Dirishani sahau. Kioo kinapitisha mwanga, ile miale inayotengeneza vitamini D kinaizuia, mdogo wako aliyesomea unesi ndiye kaniambia, akaongeza eti hata lile jua letu la saa moja asubuhi, kivuli kikiwa kirefu kukuzidi, halisaidii sana. Nilinuna siku mbili. Na kwenu Oktoba mpaka mwanzo wa Machi ndio halisaidii kabisa, na ngozi nyeusi hata kiangazi inataka muda zaidi. Matone mpe kila siku kama walivyokuandikia, usimzidishie, ikizidi nayo ni sumu. Na wewe unayelala mchana kwa ajili ya shifti meza vidonge vyako, maikrogramu 10 kwa siku, usijifanye jasiri.

Kumleta huku Desemba au kutomleta hilo ni lako na mumeo, mimi simo. Ila neti ya mtoto nimeshanunua.

Mama yako