Simu imesema malaria: majibu ya maswali yenu

Shikamoo daktari. Mwanangu ana mwaka na nusu, anachemka tangu jana. Nimejaza dalili kwenye simu, imesema malaria. Nimpe dawa ya mseto iliyobaki nyumbani? (Mama wa Mbagala)

Marahaba mama. Usimpe. (Na hiyo iliyobaki, nani hakumaliza dozi?) Homa ya malaria na ya nimonia hufanana sana, na simu haitoboi kidole. Tangu 2010 Shirika la Afya Duniani linataka kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kwanza. Kipimo cha haraka kipo hata zahanati, majibu hutoka ndani ya nusu saa.

Kuna jambo unaloweza kulifanya wewe kuliko programu yoyote. Mtoto akiwa ametulia, halii, mfunue kifua uhesabu pumzi kwa dakika nzima. Kwa umri wake, zikifika 40 anapumua haraka mno. Mtoto wa miezi 2 hadi 11, hesabu ni 50. Kama kifua kinabonyea ndani, hanyonyi wala hanywi, anatapika kila kitu, amepata degedege au amelegea haamki, funga simu mwende hospitali sasa hivi, hata kama ni usiku wa manane.

Kuna programu ya kuangalia dalili inayojua Kiswahili? (Msomaji, Tanga)

Ada, ya kampuni ya Berlin, ilitoa toleo la Kiswahili mwaka 2019 ikishirikiana na Chuo Kikuu cha Muhimbili. Jina lisikutishe, haikutozi ada. Shida huwa kubwa zaidi ukitumia za Kiingereza na kujitafsiria mwenyewe. Mtu anayeumwa chembe cha moyo mara nyingi tatizo lake ni tumbo, pengine vidonda. Akiandika neno la moyo kwa Kiingereza, ataambiwa ana shambulio la moyo. Na Mkenya akisema ana homa, huenda ana mafua tu. Andika mahali panapouma, tangu lini, na kinachoongeza maumivu. Jina la ugonjwa usilitangulize.

Kichwa kinaniuma wiki ya pili. Kila nikitafuta naletewa uvimbe wa ubongo. Silali. (Kijana, Mwanza)

Kukosa usingizi nako kunaumiza kichwa, kaka. Mwaka 2015 watafiti wa Harvard walijaribu programu 23 za dalili: ugonjwa sahihi ulitajwa wa kwanza kwa asilimia 34 tu ya majaribio. Kwa hiyo usilie kwa jibu la simu. Nenda ukapimwe presha na macho wiki hii. Ila kichwa kikipasuka ghafla kuliko ulivyowahi kuumwa, shingo ikikakamaa, au mkono ukafa ganzi, hiyo ni dharura.

Mke wangu anaumwa kichwa, uso na mikono imevimba. Programu imeshauri apumzike. Ana mimba ya miezi saba. (Baba, Kibaha)

Je, uliiambia kwamba ni mjamzito? Nauliza kwa sababu hata kwangu umelitaja mwishoni. Hiyo inaweza kuwa presha ya mimba, ambayo inaweza kuishia kwenye kifafa cha mimba ikiachwa. Anatakiwa kupimwa presha na mkojo leo, si kesho. Mchukue na kadi yake ya kliniki.