Makarani bado wameshika daftari, nimfuate bosi au afisa utumishi?

SWALI

Shikamoo mama. Mi ni kijana nafanya ushauri wa mifumo kwenye makampuni hapa Mwanza. Kampuni moja inayokusanya sangara kwenye mialo ya Ukerewe na Igombe na kuwapeleka kiwandani ilinipa kazi ya kuwawekea mizani za kidijitali na programu ya simu, yaani karani akishapima tu kilo zinaonekana ofisini mjini hapohapo. Programu haina shida, nimeijaribu mwenyewe mara nyingi. Shida ni makarani, asubuhi wanaandika kwenye daftari halafu jioni ndo wanakaa kujaza simu, kwa hiyo taarifa zinafika ofisini wakati barafu imeshatumwa kwa kukadiria. Na hilo daftari lenyewe limejaa vialama pembeni ya kilo hata sivielewi. Mkurugenzi anasema ni ukaidi, anataka niandike kwenye ripoti wabadilishwe waletwe vijana. Afisa utumishi anasema wapewe semina. Nimfuate nani?

Msomaji, Ilemela

JIBU

Marahaba mwanangu. Hapo sioni kama hao mabosi wako wawili wanapingana, wote wameshaamua kosa liko kwa makarani, wanachotofautiana ni dawa tu, mmoja afukuze mwingine afundishe. Na wewe ukimfuata yeyote kati yao utakuwa umekubali kwamba programu ni sahihi kabla hujaikagua pale inapofanyia kazi.

Mi nimeshika hapo kwenye vialama. Umeviandika kama jambo dogo lakini naona ndo kesi yote iko hapo. Wewe ni mtu wa Mwanza unajua biashara ya sangara inavyoenda, mvuvi mara nyingi hauzi samaki kwa anayempa bei nzuri siku hiyo, anauza kwa aliyempa nyavu au mafuta ya mashine kwa mkopo, kwa hiyo karani akipima kilo 40 pale mwaloni anachohesabu kichwani siyo kilo peke yake, anahesabu huyu jana alichukua mafuta, huyu nyavu zake bado hajamaliza kulipa, huyu samaki wake nusu ni wa mwenye mtumbwi. Sasa niambie, kwenye programu yako kuna sehemu ya kuandika hayo? Kama kuna jina, kilo na bei tu, basi karani akiacha daftari deni linapotea, na siku mvuvi akikataa kukatwa anayesimama pale ufukweni kutukanwa mbele za watu ni karani, siyo mkurugenzi wala wewe. Sina hakika ndo vialama vinasema hivyo, ila kamuulize karani mwenyewe, taratibu, tena usiende na bosi wake.

Hili siyo jambo geni kwenye kazi yenu. Mwaka 1951 Eric Trist na Ken Bamforth wa Taasisi ya Tavistock ya London walitoa utafiti kuhusu migodi ya makaa ya mawe Uingereza, na huyo Bamforth alishawahi kuwa mchimbaji, kwa hiyo alikuwa anajua kazi ya kule chini inavyofanyika. Zamani kikundi kidogo cha wachimbaji kilikuwa kinamaliza kazi nzima chenyewe, kukata makaa, kupakia, kuweka nguzo, watu wanajuana na wanaaminiana. Zilipokuja mashine kazi ikakatwakatwa kwa shifti tatu, watu kati ya 40 na 50 kwenye mzunguko mmoja, kila mtu na kipande chake, shifti ya kwanza ikifanya ovyo inayoumia ni inayofuata na wala hawakutani kuambiana. Utoro ukawa mwingi, lawama zikawa nyingi, na makaa hayakutoka kwa wingi uliotegemewa. Mashine zenyewe hazikuwa mbovu. Baadaye Trist na wenzake walionyesha migodi ambayo ilikuwa na mashine za aina hiyohiyo lakini wachimbaji wanajigawia kazi wenyewe na kupokezana, na huko mambo yalienda vizuri zaidi.

Kwa hiyo fanya hivi. Nenda mwaloni alfajiri mitumbwi inapoingia, kaa mpaka samaki wa mwisho apakiwe kwenye barafu, angalia karani anashikaje simu na mikono iliyolowa utelezi wa samaki huku wavuvi watano wanamsemesha kwa pamoja. Halafu wakusanye karani, mhasibu, anayetuma barafu na mvuvi mmoja au wawili, mchore wote kwenye karatasi kubwa samaki anapita wapi, pesa inapita wapi, deni linakaa wapi, na nani ana kinyongo na nani, vinyongo navyo vichoreni. Peter Checkland wa Chuo Kikuu cha Lancaster ndo alieneza njia hii ya michoro na inasaidia kweli, manake mhasibu anaweza kuona kwa mara ya kwanza kwa nini hesabu zake hazikai.

Ila usije ukageuka wakili wa makarani tu. Sangara akikosa barafu anaharibika, hilo halina huruma na mtu, na ofisi ina haki ya kujua kilo mapema. Na mizani sahihi inamlinda mvuvi kuliko mtu yeyote, kwa hiyo kama kuna karani anayeng'ang'ania daftari kwa sababu alikuwa anapunja kilo, huyo naye utamuona ukikaa pale, na huyo sina la kumtetea.

Kabla ya yote hayo kaa na mkurugenzi muulize moja kwa moja, programu ikianza kufanya kazi kuna karani atapunguzwa? Akisema ndiyo, usiitishe kikao cha kuwauliza watu maoni huku unajua wanaondoka, utakuwa umewatumia. Akisema hapana, mwombe awaambie yeye mwenyewe mbele yako, ndo uanze. Na ile sehemu ya mikopo kwenye programu iongeze, hata kama haikuwa kwenye mkataba, omba muda na malipo yake, na uijaribu kwenye mwalo mmoja kwanza huku daftari bado lipo.