Apu imenisafishia picha ya baba na ndugu zake, shangazi anasema huyo siyo yeye

SWALI: Fundi, nina picha moja tu ya baba na ndugu zake wote saba, ya mwaka 1974. Imegeuka nyekundu na imegandana na kioo cha fremu. Niliipiga kwa simu nikaipitisha kwenye apu ya kusafisha picha, sura zikatoka safi kabisa, ila shangazi, ambaye ndiye pekee aliyebaki, anasema wa mwisho kulia siyo mdogo wao. Au ni uzee? Na hiyo picha naibanduaje?

JIBU: Shangazi yako hajachanganyikiwa hata kidogo, na kama ulimbishia kamuombe radhi. Kesi kama hii naletewa kila mara, na kila mara mtu anaiamini apu kuliko mzee aliyelala kitanda kimoja na huyo mtoto.

Watu wamejazwa kwamba sura imejificha humo ndani ya picha na apu inaichimbua. Hakuna kitu kama hicho! Kwenye picha ya watu wengi hivyo kichwa cha mtoto kinaweza kuwa na upana wa milimita 6 tu, hata ukiskani kwa dpi 600 (nukta 600 kwa kila inchi) unapata pikseli kama 140 kichwa kizima, jicho moja halifiki 30, na wewe umepiga kwa simu juu ya kioo kinachong'aa kwa hiyo hata hizo hukuzipata. Apu ikikosa jicho inaweka jicho ililojifunza kwenye sura za watu wengine kabisa, inamalizia na kope na meno yaliyopangika, halafu wewe unaona imesafisha.

Kinachoniuma zaidi ni alama. Mtoto ana kovu kwenye nyusi, apu inadhani ni mkwaruzo wa karatasi inalifuta. Ana mwanya, inauziba. Sikio moja limetokeza, inayasawazisha yote mawili. Sasa si ndo hizo hizo ndugu wanazotambuana nazo? Nilishaletewa picha ya mapacha apu imewapa sura moja, dada yao akawatofautisha kwa vile mmoja alivyozoea kuinamisha kichwa, maana mkao wa shingo ndo kitu pekee ambacho hakikuguswa.

Wekundu ni habari nyingine. Picha nyingi za rangi za miaka hiyo, ile rangi ya samawati hufifia hata zikikaa gizani kabatini, nyekundu ndo inabaki. Kilichofifia bado kipo kwa kiasi fulani, mtu anayejua kurekebisha rangi anakivuta bila kugusa sura ya mtu. Kilichofutika kabisa hakirudi, anayekuambia kinarudi anakuchorea.

Kwenye kioo, usibandue. Usiweke draya, mvuke, friji wala wembe. Picha imebebwa na tabaka jembamba la jelatini, lilipata unyevu likanata, ukivuta unabaki na karatasi mkononi na sura za watu ziko kwenye kioo. Iache humo humo uinakili kupitia kioo: kamera juu imenyooka, taa mbili za pembeni, kitambaa cheusi nyuma ya kamera kuzuia mng'ao. Skana nyingi zile nyembamba hazifai hapa, zinaona kilichogusa kioo chake tu, kingine kinatoka na ukungu. Tafuta na negativu, ile filamu picha ilikochapwa, kwa ndugu wote, ikipatikana hiyo inaweza kuwa bora kuliko picha yenyewe.

Na jamani wote mnaosoma, fundi akikwambia niachie orijino kesho uchukue mpya, chukua picha yako uondoke. Wanapunguza kingo, wanapiga leminesheni, na lile joto na gundi havitoki tena, halafu sura za kubuni ndo zinasambaa kwenye magrupu ya familia mpaka wajukuu wanazijua hizo tu.

Wewe ile ya apu kama ushaituma futa, au iandikwe wazi kuwa sura zimetengenezwa. Ukishapata nakala nzuri ichapishe kubwa, kaa na shangazi mchana kwenye mwanga, aanze kushoto aende kulia, jina, nani alimfuata nani, nani alikuwa na kovu gani na alilipataje, wewe andika nyuma ya nakala kwa penseli laini, siyo kalamu ya wino. Fanya wiki hii.